Ladha ya Nyumba katika Pombe

Msomaji aliyezoea vitabu humtambua mwandishi kabla ya kuliona jina lake. Mpe ukurasa mmoja wa Shaaban Robert uliofichwa jina, uwe wa nathari ama wa ushairi, naye hatasita kusema ni wa nani. Maneno yaliyomo ni maneno ya watu wote. Kamusi haikumpa yeye peke yake hata moja. Lakini mpango wake na kipimo chake ni vyake. Sisi tufundishao fasihi huliita jambo hili mtindo, na kila mwaka twawataka wanafunzi walieleze. Mimi, walakini, sikulielewa sawasawa darasani. Nililielewa katika milima ya Usambara, penye kata ya pombe.

Makala haya yanahusu ladha ambayo nyumba moja ya kutengeneza pombe huitia katika pombe zake zote, hata mnywaji akaitambua nyumba kabla ya kuambiwa. Nitaiita ladha ya nyumba. Msomaji asiyekunywa, kwa dini yake ama kwa afya yake, simwiti anywe. Namwita apime hoja. Na hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo: ladha ya nyumba haitokani na siri iliyoongezwa katika pombe, bali hutokana na mambo ambayo mpishi hayabadilishi. Kwa hiyo hupotea mara chache kwa kuibiwa, na mara nyingi kwa kurekebishwa.

Nianze na niliyoyaona. Katika kijiji kimoja juu ya Soni, kando ya njia ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, palikuwa na arusi. Pombe iliyoletwa ilikuwa boha, yaani pombe ya miwa, nayo ilitoka katika nyumba tatu. Wazee watatu walikuwa wameketi mahali ambapo mitungi haikuonekana. Kijana mmoja mtundu, akitaka kuwajaribu, akawa anawatekea kata moja moja bila ya kusema ameteka wapi. Mzee wa kwanza akaonja, akanyamaza kitambo, akasema, "Hii ni ya kule bondeni." Kata ya pili ikapita mikononi mwa wote watatu, nao wakanigeukia mimi pamoja: "Hii ni ya shangazi yako." Walijaribiwa mara sita au saba, na hawakukosea hata mara moja. Nilipowauliza wamejuaje, mmoja akanijibu, "Mwanangu, wewe humtambui mtu gizani kwa sauti yake?"

Jibu lile nimelibeba miaka mingi. Pombe zote tatu zilikuwa za miwa. Miwa ilitoka katika mabonde yanayopakana. Wapishi walijifunza kwa mama zao, na mama wale walikuwa majirani. Lakini boha ya shangazi yangu ilianza kwa utamu wa mua, ikafuata kwa uchachu mwembamba kama wa ukwaju uliotiwa maji mengi, ikamalizia kwa harufu ya moshi isiyofika kuwa moshi. Zaidi ya hayo, alipotengeneza pombe ya ndizi, ama ya asali alipoipata, mwisho ule ule ulirudi. Zao lilibadilika, mwisho haukubadilika. Hapo ndipo jina la ladha ya nyumba linapostahili kutumika. Kwani ladha iliyomo katika pombe moja tu huenda ikawa ni ladha ya zao lake.

Sasa tuulize hutoka wapi. Watu wengi watajibu: maji. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Maji ya Usambara hupita katika miamba migumu ya kale isiyoyeyuka upesi, kwa hiyo hayachukui madini mengi. Huko Ulaya mambo ya namna hii yameleta tofauti kubwa. Mji wa Plzeň, ulio katika Ucheki ya leo, una maji mepesi, na bia ya rangi ya dhahabu iliyoanzishwa huko mwaka 1842 ilinufaika na wepesi huo. Mji wa Burton upon Trent wa Uingereza una maji yenye jasi nyingi, na bia zake zilikuwa na ukali mkavu uliosifiwa mbali. Lakini wenye viwanda vya miji mingine walijifunza kutia jasi katika maji yao, wakayaiga yale ya Burton. Jambo linaloweza kununuliwa dukani na kutiwa kwa kijiko haliwezi kuwa ndilo asili yote. Tena zile nyumba tatu za kijijini ziliteka maji katika kijito kimoja.

Wengine watajibu: hewa na baridi. Hili nalo ni kweli kwa sehemu. Lushoto iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai baridi yake humfanya mgeni kutoka Tanga aombe blanketi la pili. Pombe inayochachuka katika baridi huchachuka polepole, na harufu za matunda zinazozaliwa na hamira huwa chache. Pombe ile ile ikichachuka katika joto la Mombo hukimbia, na harufu hizo huzidi. Kwa hiyo mlima una sehemu yake katika pombe ya mlimani. Lakini baridi ile iliziangukia nyumba zote tatu sawasawa. Hutofautisha mlima na bonde. Haiwezi kutofautisha jirani na jirani.

Twabakiwa na mambo mawili: hamira na mkono.

Hamira ni kiumbe hai, kidogo mno hata jicho halikioni, nacho hula sukari kikatoa kileo, hewa, na harufu nyingi. Wanadamu walifanya kazi naye maelfu ya miaka bila ya kumjua. Sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 iliagiza kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa kabisa. Waliotunga sheria waliwaza juu ya vitu vyote isipokuwa kile kilichofanya kazi. Mwaka 1876 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alitoa kitabu chake juu ya bia, akaeleza kazi za viumbe hawa na maradhi ya bia yaletwayo na wenzao wasiotakiwa. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuitenga chembe moja ya hamira na kuikuza mpaka ikatosha kutengenezea bia ya kiwanda kizima. Tangu siku hiyo mwenye kiwanda aliweza kuchagua hamira yake kama mfugaji achaguavyo mbegu ya ng'ombe.

Nguvu ya hamira yadhihirika katika bia za ngano za Bavaria. Mtu wa pwani akizionja atasema zimetiwa ndizi mbivu na karafuu. Hazikutiwa ndizi wala karafuu. Harufu zote mbili ni kazi ya hamira ya aina yake. Ikiwa kiumbe mmoja aweza kuleta shamba la ndizi na la karafuu mahali pasipoota hata moja kati ya hayo, basi si ajabu aliyemo katika mtungi wa shangazi yangu kuleta ukwaju.

Maana shangazi hakuwa akinunua hamira. Alikuwa akiacha mashapo chini ya mtungi, na juu ya mashapo hayo akamimina maji ya miwa mapya. Mtungi haukuoshwa kwa sabuni. Ulisuuzwa kwa maji, ukafukizwa kwa moshi wa kuni, ukarudishwa katika pembe yake ya jikoni. Wakikuyu wa kandokando ya Mlima Kenya wana njia yao ya jambo hilo hilo: tunda la mwegea, walitialo katika pombe yao iitwayo muratina, hukaushwa likatumika tena na tena, na hamira hukaa ndani ya nyuzi zake likingojea pombe ijayo. Chombo, basi, ni makazi. Ndani ya udongo wa mtungi ama nyuzi za tunda wamo wakazi wa ukoo mmoja, nao ndio watoao sauti ile waliyoitambua wazee.

Mkono nao una haki yake. Katika mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro, ndizi huchanganywa na kimea cha ulezi, na gamba la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu. Gamba hilo watu wote hulijua. Kiasi chake ni cha nyumba. Mpishi mmoja hutia mpaka uchungu uuguse utamu, mwingine mpaka uushinde, na kila mmoja huamini kuwa kipimo chake ndicho kipimo. Ladha ya nyumba, kwa upande huu, ni mazoea ya mtu mmoja yaliyorudiwa mpaka yakawa kama sheria.

Mpaka hapa nimeeleza. Lakini mhakiki hawezi kuridhika na kueleza, yampasa ahukumu. Je, ladha ya nyumba ni sifa ama ni kasoro?

Wako watu wasifuo kila kilicho cha kwao. Kwao uchachu ni mila, na harufu mbaya ni urithi. Siwezi kufuatana nao. Katika kijiji kile kile ilikuwapo nyumba ya nne, ambayo pombe yake ilitambulikana upesi kuliko zote, nayo ilitambulikana kwa sababu ilikuwa mbovu kwa namna ile ile kila siku. Kutambulikana peke yake si sifa. Wako na wengine wapendao pombe isiyo na alama yoyote, safi kama maji ya mvua, nao huita kila alama uchafu. Hao nao wanapotea, kwani kwa kipimo chao mwandishi bora angekuwa yule asiyejulikana na mwenziwe.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: ladha ya nyumba ni sifa pale inapolitumikia zao, na ni kasoro pale inapolitawala. Pombe ya ndizi ya shangazi ilikuwa ya ndizi kwanza, kisha ikawa ya shangazi. Kama ningaliinywa nisiikumbuke ndizi hata kidogo, ningalisema mtungi umelimeza zao. Ndivyo tunavyomhukumu mwandishi wa hadithi ambaye mzee wake, mtoto wake na mwizi wake wote husema kwa sauti moja. Anatambulikana, naam, lakini watu wake wamekufa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nimeona jambo jingine katika nyumba zilizosifiwa: hazikutia maji, zilizidisha lile lililosifiwa. Mpishi akiambiwa moshi wake ni mzuri, pombe ijayo huwa moshi mtupu.

Kipimo hiki chafaa pia kwa viwanda vikubwa. Utengenezaji wa bia wa kiwandani ulianza Kenya mwaka 1922, na Dar es Salaam ulipata kiwanda chake mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za kampuni ya bia ya Tanzania; mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini ikaingia ubia; na mwaka 2016 ubia huo ukaangukia mikononi mwa kampuni kubwa kuliko zote duniani. Katika muda huo bia ya Safari ilianza mwaka 1977, na ya Kilimanjaro mwaka 1996. Moja ni nzito kidogo kwa kileo, nyingine nyepesi; lakini mtu akizionja taratibu, bila ya kutazama chupa, huhisi ni ndugu. Zote mbili zina unyofu ule ule, utamu mfupi wa nafaka, na mwisho usiochelewa kinywani. Hii nayo ni ladha ya nyumba, ingawa ni ya nyumba isiyopenda kusema sana. Tusiidharau. Kuifanya chupa ya Mwanza ifanane na chupa ya Dar es Salaam, mwaka huu na mwaka ujao, ni kazi ya ustadi ambayo mtungi hauiwezi.

Lakini historia hiyo yatufundisha pia kwamba nyumba si mwenye hati. Wenye hisa walibadilika, na mnywaji akaendelea kuijua bia yake, maadamu hamira, kimea na mazoea ya kazi havikuguswa. Kadhalika nyumba si mahali tu. Guinness wa Dublin walipotaka bia yao nyeusi itengenezwe katika nchi za Afrika, walitumia kiini kizito kitengenezwacho kwao, kichanganywe na bia iliyopikwa huku. Nafaka ikawa ya mwenyeji na sauti ikabaki ya Dublin. Walijua hasa ni jambo gani lisilobadilishwa, wakalibadilisha kila jingine. Si nyumba nyingi zijijuazo kiasi hicho, na ya shangazi yangu, kwa kosa langu, nusura ipotee kwa kutojijua.

Nilipokuwa mwalimu kijana, nikiona fahari ya mshahara, nilimpelekea shangazi ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko na pakiti kadhaa za hamira ya mikate. Nia yangu ilikuwa kumpunguzia kazi. Nilimweleza habari za usafi kwa maneno mengi niliyoyasoma. Yeye, kwa kunipenda, alinisikiliza. Akaumwaga ule mtungi, akausugua kwa sabuni, akauanika juani. Pombe ya ndoo iliumuka kwa usiku mmoja. Ilikuwa kali, nyeupe, isiyo na doa. Nilikuwapo siku ya kuinywa, nikingojea kusifiwa. Mmoja wa wale wazee watatu akaonja, akaonja tena, akasema kwa adabu, "Pombe nzuri. Ni ya nani?"

Shangazi hakusema neno. Alikwenda akakaa jikoni.

Mimi sikujua, wakati ule, kwamba hamira ya pakiti ni moja kwa Lushoto, Nairobi na London. Kwamba imechaguliwa kwa ajili ya kuumua mkate upesi, wala haijui mua. Kila nyumba iitumiayo pamoja na sukari ya dukani hupata pombe ile ile. Sikuwa nimeongeza kitu katika nyumba ya shangazi; nilikuwa nimewafukuza wenyeji wake.

Iliyookoa ni jirani wa bondeni. Miaka mingi nyuma, mtungi wake ulipovunjika, aliomba mashapo kwa shangazi, akapewa kibuyu kizima bila ya masharti. Sasa alipanda mlima na kibuyu chake, akarudisha. Carlsberg nao walitoa hamira ya Hansen kwa viwanda vingine bila ya kuifanya siri, na ukarimu huo wasifiwa kwa haki. Lakini hamira ile ilikuwa ya chembe moja, kila aliyepewa alipata kitu kile kile, na nyumba nyingi zikaanza kusema lugha moja. Ukarimu wa kijijini ulikuwa wa namna nyingine. Kilichotoka kwa shangazi kilikuwa mchanganyiko wa koo nyingi, nacho kiliishi bondeni kikabadilika. Boha ya kwanza ya mtungi uliofufuliwa ilikuwa na ukwaju wake, na moshi ulirudi baada ya kufukizwa mara kadhaa; ila palikuwa na utamu mzito kidogo usiokuwapo zamani. Wazee waliitambua, lakini walichelewa. Nilimwomba shangazi radhi, nikamwambia haikurudi sawasawa. Akasema, "Mtoto aliyelelewa kwa jirani hurudi na maneno ya jirani. Bado ni wetu."

Shangazi amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mtungi uko kwa binti yake, naye huutunza kama alivyofundishwa, ingawa miwa ikiadimika hulazimika kutia sukari. Pombe yake ni njema. Mara ya mwisho nilipopanda kwenda kumwamkia, mzee mmoja tu kati ya wale watatu alikuwa hai, na ulimi wake umechoka. Vijana walikunywa, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza ni ya nyumba gani, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kuwa pombe ina nyumba.

Hapo niliona kwamba nilikuwa nimesahau nusu ya jambo. Ladha ya nyumba hukaa mahali pawili, katika mtungi na katika ulimi wa anayeitambua, kama mtindo ukaavyo katika ukurasa na katika masikio ya msomaji. Mtungi ukivunjika, jirani aweza kuleta kibuyu. Ulimi ukipotea, mtungi mzima hauna wa kumwambia lolote. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu watokao Usambara, Upare na Kilimanjaro, wanaporudi nyumbani likizo, wakae na wazee na kuyaandika maneno wanayoyatumia kuutaja uchachu, uchungu, utamu na moshi, kila neno kwa maana yake na kwa lugha yake. Asiyekunywa aweza kuifanya kazi hii kama anywaye, kwani yahitaji sikio na kalamu. Mimi nimekwisha kuanza na maneno ya yule mzee mmoja. Mpaka sasa ninayo kumi na manne, na mawili kati yao bado sijapata nyumba ambayo pombe yake yanaielezea.